Siku za Kukauka

Grenda ilikuwa ikitoa vumbi jeupe, mara likaanza kutoka la pinki.

Fundi akaizima. Akavua miwani, akapafuta pale kwa kiganja, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa faiba, lile ganda la boti la nyuzi za kioo. Alikuwa ananusa. Kisha akamwita baba mdogo. Hakuniita mimi, ingawa chombo ni changu kwa urithi na yeye analijua hilo. Ila pwani mambo ya tumbo la boti huambiwa nahodha kwanza, na nahodha wetu ni baba mdogo. Nikasogea hivyo hivyo.

"Nahodha, hapa pamewahi kuzibwa," akasema. "Na aliyepaziba katia pati ya magari, ile ya kujazia bodi."

Baba mdogo akatazama baharini, akajifanya hakusikia.

Tulikuwa Sahare, Tanga, boti imelazwa ubavu juu ya matairi mabovu, na mimi nimejifunga kanga usoni kwa ajili ya vumbi. (Kanga haizuii vumbi la faiba. Inazuia maswali ya wapita njia tu. Ukisimama karibu na grenda vaa barakoa ya kweli na nguo ya mikono mirefu, na ukifika nyumbani anza kuoga na maji ya baridi. Ukijisugua na ya moto, vile vichembe vya kioo utalala navyo.)

Fundi akachukua bisibisi, akaigeuza, akaanza kugonga kwa mpini, kuanzia kwenye pinki kwenda nje. Faiba nzima hulia kikavu na mpini hurudi mkononi. Pale sauti ilikuwa nzito na mpini haukurudi. Akawa anagonga, anatia alama ya chaki, anasogea, anagonga tena. Alama zikapita tundu lililotuleta pale, zikaendelea kuelekea tezi, nyuma ya chombo.

Boti imesharudi kazini. Lakini lile vumbi la pinki limenikaa kichwani wiki hadi wiki, ndiyo maana ninaandika.

## Nanga ya nondo

Tundu lililotuleta lilikuwa jingine kabisa, bichi. Usiku wa bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, vyombo vilikuwa vimebanana, maji yakapwa, boti yetu ikakalia nanga ya mtu. Nanga zetu mnazijua: nondo nne zimechomelewa kwenye kipande cha bomba, ncha zimekunjwa. Ncha moja ikaingia chini, karibu na mkuku, uti wa chini wa chombo, na uzito wa chombo ukamalizia.

Mwenye nanga alikuja asubuhi akaomba radhi. Tukamwambia hapana neno. Nanga yake ilikuwa mahali pake, sisi ndio tuliomwendea.

Kidole gumba kilipita. Futi 26 za boti, na tatizo lote ni kidole gumba.

Mpango wa baba mdogo ulikuwa huu: maji yanachukua kama saa sita kupwa na mengine sita kujaa, katikati hapo tundu liko nje saa kadhaa. Futa maji, kausha kwa kitambaa, jaza pati, funika na mati mbili, ile mikeka ya nyuzi za kioo, zilizolowa rezini, gundi yake ya maji, na hadna, dawa ya kuigandisha, uzidishe ili ishike upesi. Maji yakirudi chombo kinaelea, usiku watu wako kazini.

Mimi nilitaka kipandishwe juu.

Na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, kwa sababu katikati ya saa sita na kupandishwa hakuna kitu. Sisi tunavua dagaa na vibua kwa taa, kwa hiyo anayetupangia ratiba ni mwezi. Nanga ilitutoboa kwenye bamvua la mwezi mpevu, siku ambazo watu wa taa wako nyumbani wanashona nyavu. Baada ya hapo mwezi huchelewa kutoka kila usiku, giza la baada ya magharibi linarefuka, na kazi inafunguka. Ukipandisha chombo hadi juu kabisa kwa maji ya bamvua lile, kushuka kwake ni bamvua linalofuata, la mwezi mwandamo, wiki mbili mbele. Katikati ni maji mafu, hayakifikii. Labda upate umati wa kukisukuma juu ya magogo, na tope la pale si la kuchezea.

Tena ilikuwa maleleji. Kusi limelala, mvua za vuli bado, bahari imetulia. Siku hizo kila mwenye chombo huomba zisipite.

"Mwanangu," baba mdogo akaniambia, "tundu la kidole, wiki mbili?"

## Rula

Fundi wetu alijifunza faiba kwenye karakana ya boti Dar es Salaam, na ana tabia ya kujibu watu kwa rula. Alikata kingo zilizopasuka mpaka akafika kwenye faiba ngumu, akapima unene: milimita 8. Halafu akapiga hesabu kwa sauti, nadhani kwa ajili ya baba mdogo zaidi kuliko mimi. Kila milimita 1 ya unene, chonga mteremko wa milimita 12 kwenda nje. Nane mara kumi na mbili, tisini na sita. Tundu lenyewe sentimita 3, ongeza karibu sentimita 10 kila upande.

Inatoka duara la zaidi ya sentimita 22. Sahani ya wali.

"Nimekuletea tundu la kidole, unanirudishia la kichwa," baba mdogo akasema, na mabaharia wakacheka.

Lakini ukilifikiria, hakuna namna nyingine. Ile nyuzi ya kioo iliyokatika haiungiki tena. Unachoweza kufanya ni kubandika nyuzi mpya juu ya zile za zamani, na ubandikaji unataka eneo. Ukijaza tundu tu bila kulichongea mteremko, umetia kizibo. Kimeshikwa na ukingo wa milimita 8, na kila wimbi linaloipiga boti chini linakisukuma ndani. Mteremko ndio unaobeba kiraka.

Katika kuchonga huo mteremko ndipo grenda ilipoingia kwenye pinki, upana wa kiganja kutoka kwenye tundu jipya. Juu palikuwa na rangi nzuri ya bluu, hapana hata mstari. Chini ya rangi pati, chini ya pati faiba iliyolowa. Yakachuruzika maji ya kahawia, yananata, yana harufu ya siki kwa mbali. Fundi akasema hiyo harufu ni rezini yenyewe inayoliwa na maji.

Boti ilikuwa inatembea baharini hivyo. Taa zinawashwa, dagaa wanapakiwa, watu wanalala juu yake wakirudi.

Mjadala wa saa sita ukaisha hapo, bila mtu kukubali kwamba umeisha. Maji ya jioni yalipojaa tukaipandisha.

## Mbao zinamsaidia fundi

Ni rahisi kumwandika baba mdogo hapa kama mzee mbishi asiyetaka mambo mapya. Nimejaribu kichwani, haikai sawa. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza pale kwetu kuacha kupiga makasia akafunga mashine.

Babu alikuwa na mashua. Ikivuja, wanailaza maji yakipwa, wanachokonoa uwazi kati ya ubao na ubao, wanapigilia pamba iliyolowekwa mafuta, wanapaka deheni ya shahamu na chokaa, na maji yakijaa mashua inaelea. Siku ya kwanza itavuja kidogo, atakaa kijana mmoja na kata anafua maji ngamani. Siku ya pili mbao zimekunywa, zimevimba, zimeibana ile pamba, uvujaji umekoma wenyewe. Na mashua ndiyo isiyotaka kukaa juani. Iache juu mwezi mzima, mbao zinasinyaa, zinaachiana, ukiishusha inajaa maji ukiitazama.

Kwa hiyo haraka ya saa sita ilikuwa elimu, na kwa mashua ilikuwa elimu sahihi. Baba mdogo alifundishwa na watu waliojua wanachofanya, kwamba chombo kikiumia kirudishe majini upesi, maji yatamalizia kazi ya fundi.

Faiba haina hisani hiyo. Maji yakiingia kwenye kidonda chake yanafuata nyuzi ndani kwa ndani, tabaka linaachana na tabaka, na kwa nje huoni kitu. Ukipaka rezini juu ya unyevu inakauka, inang'aa, ukiigonga inalia vizuri, na bado haijashika. Itabanduka siku yake. Pati ya magari ndiyo mbaya zaidi, maana ndani yake mna unga wa talki unaokunywa maji. Imetengenezwa ikae juu ya bati kavu chini ya rangi, si chini ya boti.

Nimeanza kuangalia vyombo vya watu tangu siku ile. Ukitembea Sahare, ukafika Deep Sea, ukashuka hadi Kigombe, faiba zimekuwa nyingi kuliko tulivyozoea. Mbao nzuri zimekuwa ghali, vikundi vimepata boti za mkopo nafuu wa serikali, na boti mpya ya faiba kwa kweli inapendeza. Watu husema haina matunzo. Kisha tazama chini ya matumbo: viraka vya duara vidogo vidogo, vingine vimeinuka kingo, vingine vimepakwa rangi juu ili visionekane. Karibu vyote ni vya saa sita. Tumehamia kwenye chombo kipya, mikono yetu ikabaki kwenye mashua.

## Jasho

Kukausha hakuna cha kusimulia, na ndiyo sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Kwanza tuliosha kwa maji baridi ya bomba. Ndoo juu ya ndoo, tunaosha, tunaacha, tunaosha tena. Chumvi ikibaki ndani inavuta unyevu kutoka hewani, na hewa ya Tanga mnaijua, hata biskuti ukizisahau nje ya kopo asubuhi zimelainika. Fundi akachonga sehemu yote aliyoitia chaki mpaka akafika kwenye faiba inayolia kikavu. Tukafunga turubai juu kwa ajili ya umande, pembeni wazi ili upepo upite.

Halafu nailoni. Anachukua kipande cha nailoni angavu, anakibandika juu ya sehemu iliyochongwa kwa gundi ya karatasi pande zote nne hewa isipite, anakiacha jua lipige. Ukikuta vitone ndani ya nailoni, faiba bado inatoa maji. Ubandue, uache, kesho ubandike tena.

Mabaharia waliviita vile vitone jasho.

"Dada, leo limetoka jasho?"

"Limetoka."

Wanachuchumaa wanatazama wenyewe. Wanavuta sigara, wanaondoka. Siku za mwanzo kulikuwa na utani. Baadaye hakuna aliyeuliza, walikuwa wanakuja, wanatazama nailoni, wanageuka. Usiku taa za vyombo vya wenzetu zilikuwa zinaonekana nje kule zimetapakaa, na asubuhi dagaa wanaanikwa mpaka nafasi inakosekana.

Baba mdogo akaleta jiko la mkaa, akataka kulisogeza chini ya boti. Fundi akamkatalia kwa adabu: moto wa karibu unaunguza rezini ya juu kabla maji ya ndani hayajatoka, na pale pana asitoni ya kusafishia, inayoshika moto upesi. Wakakubaliana jiko likae mbali lichemshe kahawa.

Kisha wawili wakaja kuniaga. Wamepata nafasi kwenye chombo kingine, hadi hapo chetu kitakaposhuka. Hawakusema lini watarudi. Msimu wa giza chombo kikipoteza watu, huwapati tena kwa wema.

"Hiyo nailoni yako inatufukuzia watu," baba mdogo akasema.

Sikuwa na jibu. Ilikuwa kweli.

## Daftari

Marehemu baba alikuwa mtu wa kuandika. Mafuta, barafu, ndoo za dagaa, nani kachukua nini kabla ya mgao, vyote vimo kwenye madaftari makubwa ya jalada gumu. Nikayashusha kutoka juu ya kabati, nikitafuta pati.

Niliipata. Mstari mmoja: "Kuziba faiba chini, pati na rangi." Kiasi kidogo tu cha fedha. Hakuna turubai wala fundi aliyelipwa siku mbili. Ni kazi ya saa sita, kwa mkono wake mwenyewe.

Hilo lilinikalia vibaya. Baba alikuwa mtu wa kurudia kufunga fundo mara ya pili kwa sababu la kwanza lilimtia shaka. Boti ile aliisugua kwa mikono yake kila kusi. Na alijua faiba. Alikuwa ameinunua kwa sababu alichoka na kalafati, ile kazi ya kupigilia pamba kwenye mbao.

Mistari ya chini yake ndiyo iliyonieleza. Ukurasa mzima ni majina ya mabaharia, na mbele ya kila jina, "Idi, kwenye mgao." Wote walikuwa wamekwisha kukopa kwa ajili ya sikukuu. Nguo za watoto zimeshanunuliwa, fedha za wavuvi zimeshaliwa kabla samaki hajavuliwa, na giza ndilo hilo. Angepandisha chombo, watu wote wale wangebaki nchi kavu na deni mkononi.

Aliziba. Nadhani alikusudia kuifungua tena kusi likiingia. Kusi lilipoingia palikuwa na jambo jingine, na rangi ya bluu ilikuwa nzuri, na kitu kisichoonekana kinasahaulika. Sina mahali pa kumlaumu. Nimekaa na ukurasa ule nikijiuliza ningeandika nini mimi, na najua.

## Bomba la sindano

Asubuhi moja nailoni ikatoka kavu. Fundi akaibandika tena, kuhakikisha. Kesho yake kavu vilevile.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya siku moja, na kwa furaha ya kazi hata baba mdogo alikunja mikono ya shati.

Tulibishana kidogo juu ya rezini. Fundi alipendelea ipoksi, maana inashika faiba ya zamani vizuri kuliko poliesta, ile rezini ya kawaida. Lakini ni ghali, na mati ya kawaida haiendani nayo: ile gundi inayozishika nyuzi za mati inayeyushwa na poliesta, kwenye ipoksi inabaki kaidi. Juu yake jelikoti ya kawaida, lile koti la nje linalong'aa, nayo haishiki sawasawa. Ningekuwa na fedha ningenunua ipoksi na kitambaa cha faiba cha kufumwa, jelikoti nikaachana nayo, chini nikapaka rangi tu. Boti ya dagaa haiendi harusini. Fedha haikuwepo, boti ni ya poliesta, mteremko ulikuwa mpana na mkavu, tukaenda na poliesta.

Hadna alipima kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa. Gramu 500 za rezini, mililita 5 za hadna, yaani asilimia moja hivi. Asilimia mbili ndiyo kikomo chake, na kwa joto letu hakuna sababu ya kufika huko. Pwani tumezoea kukadiria kwa kifuniko cha chupa, na mtu akiwa na haraka anaongeza kifuniko cha pili. Rezini inashika mbio kweli, ila inapata joto kali, inakuwa ngumu ya kuvunjika. Kopo likijaa linaanza kufuka moshi mkononi. Fundi huchanganya kidogo kidogo, na hadna haishiki bila miwani. Tone moja jichoni linaweza kukupofusha.

Kwa ndani aliweka kipande cha plaiwudi kilichozungushiwa nailoni, kikaegemezwa kwa mti, ili mati zipate pa kulalia. Kisha akaanza kupanga mati kwa upande wa nje. Mati za gramu 450 kwa mita ya mraba, kila moja ikikauka inatoa kama milimita 1, amezikata duara kuanzia dogo hadi linalojaza mteremko wote. Wapo mafundi wanaoanza na kubwa, na wana hoja zao. Yeye huanza na dogo. Brashi haisugui, inadonoa. Mati ni nyeupe ikiwekwa. Rezini ikiingia weupe unayeyuka mpaka unaona alama za chaki chini yake. Panapobaki peupe pana hewa, na hapo anapita na rola ya chuma yenye mifereji, polepole, akiisukuma hewa kuelekea ukingoni. Nilipewa rola. Ukiisikia ile hewa inatoka chini ya mkono, tiki tiki, huwezi kuacha.

Mati tatu, akasimamisha. Akaweka kiganja juu, akasubiri joto lipande lishuke. Nane kwa mpigo zingejipika zenyewe. Wakati wa kusubiri baba mdogo akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei tu, kama kiraka cha namna ile kikigongwa tena na nanga kitaachia.

"Kitatoboka, nahodha. Kuachia hakiachii."

Baba mdogo akatikisa kichwa, akaenda kumimina kahawa, ya kwanza akampa fundi.

Tabaka la mwisho la poliesta hubaki linanata likiachwa wazi kwa hewa. Akalifunika na nailoni ileile tuliyokuwa tunaitazama kila siku.

## Rezini yangu, siku zao

Sasa kinachonisumbua.

Kwetu mauzo yakiingia tunatoa kwanza mafuta, barafu na chakula. Kinachobaki kinagawanywa nusu kwa nusu: nusu ya chombo na mashine na nyavu, nusu ya watu. Matengenezo yanatoka kwenye fungu la chombo. Kwa hiyo ukiniuliza nani alilipia tundu lile, nitakuonyesha risiti zangu: rezini, mati, asitoni, mafuta ya jenereta, fundi. Jumla yake haikunitisha.

Lakini gharama kubwa haina risiti. Ni zile usiku za giza zilizopita boti ikiwa juu ya matairi, na hizo walilipa wao. Mimi nina mshahara ofisini mjini. Nailoni ikitoka na jasho narudi kazini. Baharia anarudi nyumbani kwa mke anayemuuliza kwa macho. Aliyekuwa na haki ya kusema "ziba tuondoke" ni yuleyule ambaye subira ilikuwa inamkata mfukoni, na aliyekuwa anahubiri subira ni mimi, ambaye haikunigharimu.

Ukiliona hivyo, viraka vyote vile vya Deep Sea na Kigombe vinasomeka vingine. Ufundi upo, fundi mwenye rula yupo, hata nailoni tunayo. Hakuna fungu la siku za kukauka. Basi kila tundu linazibwa na mtu mwenye njaa, au na tajiri, yaani mwenye chombo, anayewaonea huruma wenye njaa, kama baba.

Waliobaki niliwapa fedha ya unga kutoka mfukoni. Nikaambiwa nimekosea, na walioniambia hawakuwa wapumbavu. Mwenye chombo mmoja jirani alinijia kabisa: "Bibie, unatuharibia watu. Kesho wangu nao watataka." Baba mdogo alikuwa na hoja kali zaidi. Akasema ukimlipa mtu kwa sababu chombo kiko juu, kila tundu litakuwa la wiki mbili, na hakuna atakayeharakisha kusukuma. Na kijana mmoja wa kwetu, ambaye ndiye niliyemtegemea aniunge mkono, akauliza kama ile fedha ni mkopo. Nilipomwambia si mkopo, akasema basi ni sadaka, na sadaka huja ukipenda. Yeye alitaka kitu ambacho hata nisipopenda kitakuja.

Huyo ndiye aliyenifikisha nilipo. Nimependekeza kila safari, kabla ya mgao, itoke fedha kidogo juu, pamoja na mafuta na barafu, ili iguse nusu zote mbili, yangu na yao. Isiwe ya rezini, rezini ni mzigo wa chombo. Iwe ya unga tu, siku chombo kikiwa juu kwa matengenezo, na anayesema chombo kishuke awe fundi, asiwe mimi wala nahodha.

Baba mdogo alikaa nalo muda mrefu. Hakulipenda, na bado halipendi. Anaona tunalipia njaa ambayo haijaja. Amekubali tujaribu mpaka kusi liingie, kwa sharti moja: kisanduku asikae nacho tajiri. Mabaharia wamemchagua yule kijana wa sadaka akishike, na wale wawili walioondoka, mmoja amerudi.

Kusi likiingia tutaipandisha tena. Upande wa kushoto fundi ameshaugonga, kuna mahali karibu na fashini, kule nyuma, hapajampendeza. Kwenye daftari la baba sijaona mstari unaopataja. Nimefika ukurasa wa katikati, madaftari yamebaki matatu.